Baba Alipotoka Nje ya Kikao

Nyumba ya Mkuu wa Chuo,
Chumba cha nyuma, karibu na tangi la maji.
Jumapili, tarehe 14 Juni

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba goti lako siku hizi linakuruhusu kupanda ngazi bila kusimama katikati na kuzitukana. Huku sisi wazima wa mwili. Mama anakohoa kidogo asubuhi lakini hataki kuitwa mgonjwa. Anasema mfamasia akiugua wateja watamkimbia. Baba ameongezeka kiuno, ingawa yeye anadai ni mikanda ya siku hizi inayosinyaa. Mimi nimepungua, na sababu utaiona huko mbele.

Mjomba hajambo? Bado anafanya kazi kwenye lile ghala lenye baridi? Na mapacha, mkiwaita bado wanaitika kwa Kiswahili, au wameshahamia lugha ya huko moja kwa moja? Waambie dada yao anawasalimu na anadai picha.

Barua yako nimeipokea. Unasema watu wa kwetu mnaoishi huko mnataka kukutana kumpongeza baba, ingawa mwenyewe hatakuwepo, na umeombwa usimame useme habari za maisha yake. Ya utotoni unayajua, wewe ndiye uliyemfunga kamba za viatu. Unachotaka kwangu ni yale yaliyotokea baada ya wewe kuondoka: alivyofundisha, alivyopanda, alivyofika hapa alipo. Umeniambia nikuandikie “yale mazuri mazuri”. Shangazi, ungemwomba mtu mwingine. Mimi nitakuandikia yote, halafu utachagua mwenyewe.

Ulipoondoka alikuwa mwaka wa mwisho wa sheria, na aliota kuwa wakili mwenye gauni jeusi na sauti ya kutikisa madirisha. Uwakili aliufanya, ila haukudumu. Aliuacha kwa sababu ya kesi aliyoshinda. Alimtetea mwenye nyumba aliyetaka kumtoa mpangaji wake, mama mmoja fundi cherehani, na akashinda kwa sababu tu wakili wa yule mama alichelewa kuwasilisha karatasi. Baba anasema walipotoka nje mteja wake alimkumbatia, na yeye akawa anatazama, juu ya bega la mteja, cherehani ikipakiwa kwenye mkokoteni. Wiki ile ile akaenda kuomba kazi ya kufundisha. Hivyo ndivyo anavyosimulia yeye. Mama, ambaye wakati huo alikuwa mchumba wake, anasimulia kwamba ofisini pia walikuwa wamemnyima chumba chenye dirisha. Ninawaamini wote wawili, na hapo ndipo tabu yangu inapoanzia.

Chuoni alipata jina la utani ambalo hadi leo ndilo watu wanalomjua nalo: Geuza. Mwanafunzi akisimama kutoa hoja, akaijenga vizuri, akaanza kuona fahari, baba alikuwa anasema neno hilo moja tu. Geuza. Na mwanafunzi alipaswa, pale pale, bila kukaa, kuivunja hoja aliyokuwa ameijenga kwa mdomo ule ule. Wapo waliolia. Wapo ambao sasa ni majaji na wanasema hawajawahi kufundishwa kitu kingine chenye maana. Aliamini kwamba mtu asiyeweza kumtetea adui yake hana haki ya kujitetea mwenyewe.

Nyumbani ilikuwa hivyo hivyo. Nikiwa darasa la sita nilitaka kwenda ziara ya shule, akaniambia nieleze kwanza kwa nini nisiende. Nilieleza vizuri mno, nikabaki nyumbani. Mama alikuwa anasema katika nyumba hii hata kuuliza chumvi iko wapi lazima uwe na wakili. Tulicheka. Lakini mimi, Shangazi, kitu hicho kiliniingia. Mpaka leo siwezi kufurahi kwa dakika nzima bila kusikia mtu ndani yangu akiniambia nigeuze. Mtu akinisifu, najiuliza anataka nini. Nikijisifu mwenyewe, najiuliza ninaficha nini.

Kitabu chake unacho, nakumbuka alikutumia. Umesema hukukimaliza, na sikulaumu, mimi mwenyewe sura ya tano ilinilaza. Jambo lake kubwa ni moja: mtu asikae katika uamuzi unaomhusu yeye au damu yake. Alilishikilia hilo kama watu wengine wanavyoshikilia dini. Alipokuwa mkuu wa kitivo cha sheria aliandika kwa mkono wake kanuni ya chuo inayosema kwamba mwenye ndugu katika jambo linalojadiliwa atainuka na kutoka nje ya kikao. Kanuni hiyo imo hadi leo. Kila mtu pale kitivoni anaijua na anajua nani aliiandika. Naomba uishike hiyo, utaihitaji.

Kisha ulikuja mgomo wa wanafunzi. Vyumba vya mabweni vilikuwa vinavuja na utawala haukutaka kusikia. Baba alitumwa kuzungumza nao. Alikwenda kwa wanafunzi akawaeleza shida za utawala, akarudi kwa utawala akawaeleza shida za wanafunzi, na kila upande ukaamini ametumwa na upande mwingine. Walimchukia wote kwa pamoja, na kwa kuwa walikubaliana juu ya jambo hilo, wakaanza kukubaliana juu ya mengine. Mabati yakabadilishwa. Huo ndio mwanzo wa jina lake kusikika nje ya kitivo. Hilo unaweza kulisema mbele ya watu bila wasiwasi, ni la kweli na linachekesha.

Nafasi ya Mkuu wa Chuo ilipokuwa wazi, alituambia mezani kwamba hana haja nayo, kwamba yeye ni mwalimu tu, kwamba wakimpigia simu atawatajia majina ya watu bora zaidi. Aliyasema hayo huku akimenya chungwa, kwa utulivu kabisa. Wiki ile ile fundi nguo akapita nyumbani kuuliza kama suti ya Profesa ilimkaa vizuri mabegani. Mama akamwambia ngoja nikuitie mwenyewe, huyu mtu asiyetaka kazi. Baba akatoka, akajaribisha suti, na hakuna aliyelizungumza tena.

Sisemi alidanganya. Nadhani alipokuwa anamenya chungwa alikuwa hataki kweli. Lakini tangu siku hiyo niliacha kusikiliza anachosema nikaanza kutazama anachofanya.

Alipopata cheo mambo yalibadilika polepole. Tulihamia nyumba hii, yenye vyumba ambavyo hatuna cha kuweka. Watu walianza kucheka vichekesho vyake kabla havijaisha. Yule aliyekuwa akimbishia kila kikao, mwalimu wa sheria za ardhi ambaye wanafunzi humwita Bwana Ardhi, alianza kusema “kama alivyosema Mkuu” hata pale ambapo Mkuu hakuwa amesema kitu. Na baba aliacha kusema geuza. Sikusikia akiacha. Siku moja tu niligundua sijalisikia neno hilo kwa muda mrefu, na nikapatwa na wasiwasi.

Sasa nifike kwenye jambo langu.

Unakumbuka kwamba nilipozaliwa baba alikuwa masomoni nje, na cheti changu kikaandikwa jina la babu mzaa mama. Sijawahi kulibadilisha. Nilisoma chuo kingine makusudi, mbali na hapa, ili mtu akinipa alama nijue ni zangu. Nilipomaliza shahada ya pili, kitivo cha sheria cha hapa kikatangaza nafasi ya mhadhiri msaidizi. Nilimuuliza baba kama niombe. Akasema, “Omba kama mtu mwingine yeyote. Mimi sitakuwa na neno.” Tukakubaliana kwamba hakuna atakayemwambia mtu. Nikapanga chumba mjini, nikaomba kwa jina la kwenye cheti.

Tulibaki wawili hadi mwisho, mimi na rafiki yangu ambaye huwa namwita Mrefu kwa sababu hafiki begani kwangu. Nilisoma naye. Yeye alikuwa ameshafundisha pale kitivoni kwa mkataba wa muda mfupi, anajua hata dirisha gani halifungi. Pale kitivoni yeye peke yake ndiye aliyejua mimi ni mtoto wa nani. Aliniambia, “Mimi nakujua wewe, baba yako simjui. Njoo tufanye mazoezi.” Tukawa tunaingia katika ukumbi mtupu wa mihadhara, mmoja anafundisha na mwingine anajifanya wanafunzi wote, pamoja na yule anayelala nyuma. Mrefu alikuwa anajua kukoroma vizuri sana.

Usaili ulikwisha, kamati ya ajira ikakaa, na mwenyekiti wa kamati hiyo ni Mkuu wa Chuo. Nikapata mimi.

Mrefu alikuja chumbani kwangu na maandazi. Akanikumbatia, tukala, akaniuliza, “Hebu niambie, ulifanya nini ambacho mimi sikufanya? Nauliza ili nijirekebishe.” Aliuliza kwa moyo mweupe. Nilianza kumjibu, nikasema labda ni namna nilivyopanga hoja, labda ni sauti. Alikuwa anatikisa kichwa akikariri, kama mtu anayeelekezwa njia. Nilipomaliza sikuwa na hamu ya maandazi tena.

Nikaanza kazi. Kila mtu alikuwa mwema kwangu. Shangazi, wewe umeajiriwa maisha yako yote, niambie, ni wapi mtu mpya anafika siku ya kwanza akakuta kiti kizuri kimemsubiri? Mhudumu wa ofisi aliniletea chai bila kuulizwa. Katibu wa kitivo alinipa chumba chenye dirisha, na mhadhiri mkongwe aliyekuwa akikingoja chumba hicho akanisaidia kubeba vitabu vyangu kuviingiza humo, huku akitabasamu. Nililala na tabasamu lile nikaamka nalo. Nilianza kujaribu watu. Nilisema jambo la kijinga makusudi katika kikao cha idara, na watu wakaandika.

Ukweli nilipewa na Bwana Ardhi, tena kama zawadi. Tulikuwa kwenye chumba cha chai, yeye anatafuta kijiko. Akaniambia, “Baba yako ni mtu wa haki kweli kweli.”

Nikauliza, “Baba yangu nani?”

“Ah, wewe nawe. Yamekwisha hayo. Sisi hata hatukujua una baba. Tunasoma majina, tunafika kwako, mzee anainuka. ‘Mtaniwia radhi,’ huyo, nje. Tukatazamana. Mimi nikasema, jamani, kanuni yake mwenyewe hiyo.” Akacheka, akakoroga chai kwa kalamu. “Mtu mwingine angekaa pale akakupigia debe. Yeye hakusema neno.”

“Na kabla hajatoka mlikuwa mmefikia wapi?”

“Mlikuwa mmelingana. Mimi mwenyewe nilikuwa namtaka yule mfupi, ana darasa yule. Lakini mtoto wa Geuza, tukasema, atakosaje kufaa?”

Alinigonga bega kwa upole na kuondoka na kikombe chake. Hakuona ubaya wowote. Nilibaki pale nikiosha kijiko changu ambacho sikuwa nimekitumia. Mrefu, ambaye siri ilimgharimu, aliitunza. Baba, bila kufungua mdomo, aliitoa kwa miguu.

Lakini je, alijua? Hilo ndilo lililonitafuna siku zote zile. Kama hakujua, basi ni mzee mwenye kanuni aliyekosea kwa usafi wake. Kama alijua, basi kitabu kizima, kanuni, cherehani kwenye mkokoteni, yote ilinibidi niyasome upya. Na mimi ningekuwa nani pale kwenye chumba chenye dirisha?

Baba bado hupiga pasi mashati yake mwenyewe Jumamosi mchana, ingawa chuo kimempa mtu wa kazi. Anasema ndiyo saa yake ya kufikiri. Nilimkuta chumba cha kulia, shati la bluu mezani juu ya blanketi lililokunjwa. Mama alikuwa kwenye kochi na gazeti.

“Baba, siku ya kikao cha ajira ulitoka nje.”

“Nilitoka. Kanuni inasema nitoke.”

“Yalipotajwa majina mengine ulikaa?”

“Nilikaa.”

“Likatajwa langu ukainuka.”

Akacheka kidogo. “Unanihoji, mwanangu?”

“Ndiyo. Ulisema nini ulipoinuka?”

“Nilisema mtaniwia radhi.”

“Na ukienda msalani katikati ya kikao huwa unasema nini?”

“Huwa hasemi,” mama akajibu nyuma ya gazeti. “Hukimbia.”

Baba hakucheka hiyo. Aligeuza shati akaanza kola. Nikamwambia wale ni wanasheria, kanuni wanaijua kwa moyo, na mtu akimwona mwandishi wa kanuni ameinuka kwa jina moja tu hahitaji kuambiwa kitu. Nikamwambia angeweza kuandika mapema kwamba ana ndugu kati ya waombaji, akateuliwa mwenyekiti mwingine kwa kikao kizima, na hakuna ambaye angejua ndugu huyo ni yupi.

“Ningeweza,” akasema.

“Ulisahau?”

Nilimpa mlango huo, Shangazi, na nilitaka autumie. Angesema amesahau ningemwamini, ningejilazimisha.

“Geuza,” akasema taratibu. “Nitetee mimi.”

“Leo hapana, baba.”

Akachomoa pasi ukutani, akaisimamisha. Alikaa muda akiinyoosha kola kwa vidole, kama bado ina mikunjo.

“Nilitaka upate,” akasema. “Sikujua kama nataka hivyo mpaka nilipokuwa nje kwenye korido. Niliposimama pana ile ndoo ya mchanga ya kuzimia moto. Nikasikia mle ndani wamenyamaza. Nikajua wamejua. Ningeweza kurudi nikawaambia tuahirishe. Nilisimama pale nikisoma maandishi ya kwenye ndoo mpaka waliponiita.”

Nilikuwa nimejiandaa kwa uongo. Nilikuwa na maswali mengine, niliyapanga njiani, mazuri. Sikuwa nimejiandaa kwa hilo. Nilimtazama mikono, ile mikono ya chungwa, na kwa mara ya kwanza ilikuwa inafanya jambo lile lile ambalo mdomo wake unasema. Alisema hakufanya kitu, nayo haikuwa inafanya kitu.

Mama akashusha gazeti. “Mmemaliza? Maana nyote wawili mmesimama kama mnasubiri hakimu aingie. Hapa hakuna hakimu. Yuko binti mmoja mfupi asiye na kazi.”

Huyo ndiye mama, Shangazi. Miaka yote hii akiishi na wanasheria hakuchukua sheria hata chembe, na ndiye aliyekuwa amekumbuka mtu aliyekosewa. Mimi nilikuwa nimejishughulisha na baba na nafsi yangu.

Nikamwambia baba nitaiacha kazi, lakini kuiacha kimya kimya hakumsaidii Mrefu. Usaili urudiwe, na watu wa kusikiliza watoke nje ya chuo. Yeye akasema atalipeleka Baraza la Chuo mwenyewe. Sikumwamini. Nilidhani atasubiri lipoe, atatafuta neno la kulizungushia. Jumatano alisimama mbele ya Baraza akasema, “Nilifuata kanuni, nikijua kwamba kanuni itanifanyia kazi yangu.” Akaeleza yote, hadi ndoo.

Walimpigia makofi. Gazeti la chuo likaandika juu ya uadilifu. Bwana Ardhi alinisimamisha uani kuniambia hajawahi kuona kiongozi wa namna ile. Nami nikarudi kulekule kwenye shaka, Shangazi, maana siku ile alikuwa amevaa koti lake la zamani la kufundishia, lenye chaki kwenye mkono, si ile suti. Nilimuuliza kwa nini. Akasema suti ilikuwa kwa dobi. Nilikwenda kuangalia. Ilikuwa kwa dobi kweli.

Usaili ulirudiwa na watu watatu kutoka chuo kingine, ambao baba hakuwateua na hakuwahi kufanya nao kazi. Baba siku hiyo alisafiri. Mimi nilifundisha asubuhi, halafu nikaomba ruhusa ya kukaa nyuma nimsikilize Mrefu. Mada ilikuwa moja kwetu sote: tofauti ya kumiliki kitu na kukishika tu mkononi. Mimi nilikuwa nimeieleza kwa mpangilio safi, na mifano. Yeye aliingia, akatoa ufunguo wa chumba chake mfukoni, akampa mwanafunzi wa mstari wa mbele. “Chumba ni cha nani sasa?” Wakasema bado ni chako. Akamwambia yule ampe mwenzake, mwenzake ampe mwingine, na kila ufunguo ulipohama aliongeza jambo moja: huyu amelipa kodi, huyu ameuokota, huyu ameuiba, huyu ameambiwa autunze. Ulipofika nyuma watu walikuwa wanabishana kwa kusimama. Na Mrefu hakuwa amesema sentensi hata tano.

Ufunguo ulinifikia na mimi. Niliushika nikampa wa jirani. Niliona wazi, bila mtu kuniambia, bila kugeuza. Mimi nilikuwa na maelezo mazuri. Yeye alikuwa na darasa.

Kazi amepata yeye. Niliondoa vitabu vyangu kwenye chumba chenye dirisha, na safari hii hakuna aliyenisaidia kubeba, nikashukuru. Nimerudi kwa wazazi kwa muda, ndiyo maana unaona anwani hii. Sasa kuna wanaosema kwamba baba alinitoa mimi ili yeye abaki msafi. Hilo silibebi. Nilikuwa nimekaa nyuma na nilisikia kwa masikio yangu. Katika mambo yote ya mwaka huu ni hilo tu ambalo nina hakika nalo, na limenigharimu kazi kulipata.

Mrefu alinijia juzi. Hakusema pole. Alisema, “Ile siku ya maandazi ulinipa ushauri mbaya sana,” tukacheka mpaka mama akaja kutazama.

Kwa hiyo utakaposimama huko mbele ya watu, waambie ya cherehani na ya mabati. Waambie amefundisha majaji. Lakini wakitaka useme kwamba hajawahi kumpendelea mtu, usiseme. Na kama goti litakuruhusu kusimama muda mrefu zaidi, waambie aliwahi kumpendelea mmoja, akasema mwenyewe mbele ya watu waliokuwa tayari wameshamsamehe. Sijui kama hilo linaingia kwenye mazuri mazuri uliyoomba. Mimi nimelipima huku na huku na bado sijui. Jumamosi tunazungumza akipiga pasi. Bado namtazama mikono kuliko mdomo, na yeye anajua, na wakati mwingine huniinulia mikono yote miwili kama mtu anayekaguliwa langoni.

Kesho naenda kuonana na watu wa ofisi moja ya mawakili wanaotafuta msaidizi. Waliponipigia simu waliniuliza jina la baba, kwa ajili ya kumbukumbu zao, na safari hii nikalitaja lote. Upande wa pili palikuwa na kimya. Sijui walinyamaza kwa heshima, au kwa kukumbuka lile gazeti, au kalamu tu ilikuwa imeisha wino. Sitajua, na nitakwenda hivyo hivyo.

Nisalimie sana Mjomba, mwambie avae soksi mbili. Mapacha wabusu kwenye paji la uso hata kama watakimbia. Mama anakusalimu na anasema dawa ya goti usinywe na kahawa. Baba anakusalimu pia. Nimemwambia nakuandikia, akauliza nimeandika nini, nikamwambia yote, akasema haya. Mrefu, ambaye hukuwahi kumwona, naye amesema nimsalimie mtu aliyemlea Geuza.

Mungu akulinde wewe na nyumba yako, akupe usingizi mzuri na majirani wasio na maneno mengi.

Ni mimi, mtoto wa kaka yako, nikupendaye hata ninapokupa kazi ngumu ya kusema,

Mdadisi wako